Kengele ya Longor na Kitabu cha Mwalimu Aukot

Mwalimu Aukot wa Lodwar alikuwa mpole kiasi kwamba nzi walitua kwenye kipara chake, wakalala, wakaamka, wakaendelea na safari yao bila kusumbuliwa. Lakini ukimkosea, umekwisha. Hakugombana, hakutukana. Alikwenda nyumbani, akafungua daftari, akakuandika.

Mwalimu mkuu aliyemnyima likizo aligeuka chifu mwenye tumbo la kiboko, ambaye akiketi, kigoda kinalia kama mtoto. Mwenye duka aliyezoea kubonyeza mizani ya sukari kwa kidole aligeuka fisi mwenye kofia. Hata Nakeno, mkewe wa ndoa, alijikuta humo.

"Huyu mpishi mwenye ulimi wa wembe ni mimi," Nakeno alisema siku aliposoma ule mswada.

"Ni mtu wa kubuni tu, mama watoto."

"Wa kubuni ana kovu langu la goti?"

"Watu wengi wana kovu la goti."

"Na wengi wao humwita mume wao mbuzi wa shule?"

Aukot akaangalia dari. Dari lilikuwa la makuti, halikumsaidia.

"Basi ungeniachia meno yote," Nakeno akasema, akarudi kwenye sufuria yake. Lakini kabla ya kufika mlangoni aligeuka, na safari hii hakuwa akitania. "Mimi nimejisomea, nikakasirika, yamekwisha. Shangazi yako je? Yule uliyemfanyia hayo hawezi kusoma. Atajiteteaje?"

Aukot akarudisha macho darini, maana hapo palikuwa pabaya.

Kitabu chenyewe kiliitwa *Kamba ya Longor*. Alikiandika miaka minne, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, na mwaka 1997 kikapigwa chapa Nairobi. Mtu mbaya kuliko wote kitabuni, kuliko chifu na fisi wakichemshwa pamoja, alikuwa mwanamke aitwaye Asekon, aliyeiba dume la marehemu kaka yake akaliuza apate tumbaku. Jina Asekon lilikuwa la kubuni. Mengine yote yalikuwa ya shangazi yake, Nakaale: mwendo wa kuchechemea, tumbaku shavuni, kile kicheko cha kuanzia puani.

Huyo Nakaale ndiye aliyemlea. Aukot alizaliwa Kaikor, juu kabisa kaskazini, akafiwa na baba kabla hajajua kutembea, mama naye akafuata. Nakaale alikuwa amerudi kwao kutoka kwa mume ambaye hakumaliza kutoa mifugo ya mahari, basi akamchukua yatima wa kaka yake. Alimlisha maziwa na uongo mtamu. Alimwambia kwamba mwezi ni jibini iliyopotea, kwamba yeye Nakaale aliwahi kumpiga mamba kofi huko ziwani, Ferguson's Gulf, hadi mamba akaomba radhi kwa Kiturkana safi. Mtoto aliyekua akisikia hayo angeachaje kuwa mtunzi?

Huko kwao mwanamume hujulikana kwa jina la dume lake apendalo, lile la kuimbiwa na kuvishwa kengele shingoni. Baba yake Aukot alikuwa na maksai wa rangi ya udongo aliyeitwa Longor, na watu wakamwita mwenyewe vivyo hivyo. Alipokufa, maksai akabaki. Aukot hakuwa na sura ya baba kichwani, alikuwa na pembe za Longor tu. Kila asubuhi alikwenda kumwamkia: "Ejok, baba." Naye Longor alitikisa kichwa, kengele ikaitikia.

Alfajiri moja, Aukot akiwa na miaka saba, aliamka kwenye ngozi yake akasikia kengele ikipita nyuma ya kibanda. Ilikwenda polepole, ikielekea njia ya wachuuzi, na kando yake zilisikika hatua za mtu anayechechemea. Kengele ikafifia, ikafifia, ikaisha. Adhuhuri Nakaale akarudi peke yake, shavu limejaa tumbaku. Akamwambia Lokwang, mdogo wa marehemu na bwana wa boma, kwamba amemuuza Longor.

"Kwa nini?" Lokwang akauliza.

"Tumbaku."

"Dume zima kwa tumbaku? Shavu gani hilo, wewe mwanamke? Ni ghala?"

Akafukuzwa siku hiyo hiyo, akakatazwa kukanyaga Kaikor tena. Mtoto alibaki bomani, akanywa maziwa kama watoto wengine, mpaka wamisheni walipomchukua kwenda shule Lodwar. Na huko Lodwar nani alikuwa akimsubiri, uso umejaa vumbi la makaa? Nakaale. Kila Jumamosi alimletea chakula getini. Aukot alikipokea na kukila chote, lakini hakumsamehe ile kengele. Akaihifadhi miaka thelathini na tano. Kisha akaiandika katika sura ya saba: mtoto anasimama mlangoni, anamwona shangazi akimvuta maksai kwa kamba, maksai anageuza kichwa mara moja. Watu wa Nairobi walisema hakuna ukurasa mzuri kuliko huo.

Kwa hiyo, habari zilipomfikia mapema mwaka 1998 kwamba shangazi anamwita Kakuma, na alete hicho kitabu, alitafuta udhuru, asipate.

Nakaale alihamia Kakuma wakimbizi walipofika, maana watu wengi namna ile lazima wapike, na kupika kunataka makaa. Alikuwa na kibanda karibu na mto Tarach. Mteja na jirani yake mkubwa alikuwa Jeanine, Mkongo aliyefundisha shule ya msingi kwao kabla ya vita. Walielewana kwa Kiswahili cha aina mbili, kimoja cha kuuza makaa na kingine cha Bukavu, na pale vyote viwili vilipokwama walicheka.

Aukot alimkuta shangazi ameketi nje. Mlangoni palikuwa na mzigo uliofungwa kwa kamba: ngozi mbili, sufuria, kigoda.

"Ejok, shangazi."

"Ejok, mwanangu. Unatazama mzigo? Lokwang ameniita. Ametuma neno baada ya zile mvua kubwa. Anasema tumezeeka, dume mmoja si kitu, nirudi Kaikor nife nikiwa nimeelekeza miguu kwenye kaburi la kaka yangu. Nangoja barabara ikauke tu." Akanyoosha mkono. "Kiko wapi? Ndiyo hiki? Chembamba hivi? Miaka minne! Mimi ningekusimulia hiki kabla chai haijachemka."

"Kina kurasa mia moja na themanini, shangazi."

"Nimo?"

"Umo."

Nakaale akaweka shanga zake za shingoni sawasawa, akafuta mdomo, akaketi wima kama mtu anayepigwa picha. "Soma."

Kitabu kilikuwa cha Kiswahili. Nakaale alitaka kukisikia kwa Kiturkana, lugha ya kusikilizia mambo makubwa. Basi Aukot akawa anasoma kwa macho na kutafsiri kwa mdomo, na hapo ndipo shetani wake alipompa njia. Macho yalisoma kwamba Asekon alimpokonya mtoto kibuyu cha maziwa. Mdomo ukasema alimpa cha kwake. Macho yalisoma kwamba kicheko chake kilikuwa cha fisi jike. Mdomo ukasema ukikisikia, hata mbuzi mgonjwa anasimama. Nakaale alipiga magoti yake kwa furaha. "Huyo ni mimi! Huyo ni mimi kabisa!" Jeanine, aliyekuja kuchukua makaa, alisimama kusikiliza lugha asiyoijua. Akaona kwamba mwalimu anafunua kurasa tatu tatu, na jasho linamtoka kivulini.

Wakafika sura ya saba. Aukot alitaka kuiruka.

"Longor yuko wapi?" shangazi akauliza. "Kitabu kina jina lake, mbona hajatokea?"

Hakuwa na pa kukimbilia. "Alfajiri moja," Aukot akaanza, akitafuta sababu yoyote ya mwanamke mwema kumwondoa dume bomani, "shangazi alimchukua Longor akaenda naye mbali, maana alijua dume hawezi kupona. Hakutaka mtoto amwone akifa."

Nakaale aliacha kutafuna tumbaku.

"Kwani ulijua?" akauliza.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza: nijue nini? Aukot alitaka tu yaishe. "Nilijua," akasema.

Nakaale akakivuta kile kipara kwa mikono miwili, akakitemea mate ya baraka, na machozi yake yakaanguka humo humo. "Mwanangu alijua," alimwambia Jeanine kwa Kiswahili. "Siku mingi yote, yeye anajua, na anaandika mimi mzuri." Kisha akakitia kitabu ndani ya mzigo wa Kaikor. Aukot alipojaribu kukiomba, akapigwa kofi la mkono. "Changu! Wewe utaandika kingine."

Aukot akarudi Lodwar akijifariji kwamba shangazi hawezi kusoma. Kufikiri kwamba mtu asiyesoma hana njia ya kujua kilichoandikwa ni kosa la watu wa shule.

Hazikupita wiki tatu, utingo wa basi la Lokichoggio akaja hadi shuleni. "Mwalimu, yule mama wa makaa anasema uende. Na anasema usiende na kitabu kingine."

Aliyempokea Kakuma ni Jeanine, mikono kiunoni.

"Aliniomba nimusomee tena, kwa Kiswahili. Alisema iko tamu. Mi nikasoma. Nikafika pale kwa mwanamuke mwizi, nikanyamaza. Nikamwambia, Mama, hapa inaandikwa vingine. Akasema, soma. Nikamwambia, Mama, tuache. Akasema, soma vile inaandikwa." Jeanine akatikisa kichwa. "Nikasoma yote. Na wewe mwalimu, siku ile nilikuona na zile kurasa. Nilizania uko na haraka tu."

Nakaale alikuwa ndani. Mzigo ulikuwa umefunguliwa, kigoda kimerudi mahali pake, sufuria iko jikoni. Hakumpa mkono.

"Lokwang ametuma neno lingine," akasema. "Mwalimu wa shule ya Kaikor ana kitabu chako. Amewasomea wazee siku mbili mfululizo. Wamekumbuka hasira zao zote. Lokwang anasema kumbe hata mtoto niliyemlea ananiona mwizi, kwa nini yeye asinione. Nisije."

"Shangazi..."

"Ngoja. Nataka kukuuliza jambo moja. Umeandika kwamba ulisimama mlangoni ukamwona. Ulimwona Longor, au ulisikia kengele?"

Aukot akarudi kimawazo kwenye ile ngozi, kwenye giza jepesi la kibanda, akitafuta pembe, akitafuta mgongo wa rangi ya udongo. Hakukuwa na kitu. Yale macho ya maksai aliyegeuza kichwa aliyatia mwenyewe, mezani kwake Lodwar.

"Nilisikia kengele," akasema.

"Ehe. Kengele." Nakaale akatema tumbaku. "Jioni ya kabla yake ulitoka zizini kumfuata mtoto wa mbuzi. Ulivuta lile tawi la miiba la mlangoni, hukulirudisha. Longor akatoka. Nilimkuta mtoni, kwenye shimo la kuchotea maji, ameingia kichwa mbele, mguu umevunjika mara mbili. Nikamchoma mkuki mwenyewe, mimi mwanamke. Nikamfukia kwa mchanga mpaka kucha zikang'oka. Kengele nikaitoa."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Lokwang alikwisha sema wewe ni mtoto wa mkosi, umezaliwa baba akafa. Sasa niende nimwambie umemuua baba mara ya pili? Nani angekupa hata tone la maziwa? Basi alfajiri nikapita nyuma ya vibanda nikitikisa kengele. Polepole, hivi, kama dume mwenye usingizi. Bomani wote wakasikia Longor anaondoka. Tumbaku niliazima kwa mchuuzi, kidogo tu, nikajaza shavu kwa kitambaa." Kicheko kikajaribu kutoka puani, kikaishia njiani. "Ndiyo hadithi yangu nzuri kuliko zote, na sikuweza kumsimulia mtu. Uliposoma siku ile nikasema, kumbe kuna mmoja aliyeisikia. Ukaniambia ulijua."

Aukot alipiga magoti kwenye vumbi la makaa. Alisema atakwenda Kaikor mwenyewe, atasimama mbele ya wazee, atasema yote, hata la tawi la miiba.

"Nenda," Nakaale akasema. "Hawatakuamini. Wewe ni mtu wa kutunga."

Alikwenda. Siku tatu juu ya lori la mahindi kupitia Lokitaung, akafika amekuwa mweupe kwa vumbi, watoto wakamkimbia. Lokwang alimsikiliza mpaka mwisho, fimbo mkononi, macho yamefunikwa na ukungu wa uzee. Kisha akamwita mwalimu wa shule alete kitabu.

"Hiki kimepigwa chapa?"

"Kimepigwa, baba mdogo."

"Kina jina lako juu?"

"Kina."

"Kitabu kimesafiri mpaka Nairobi kikarudi, na bado kinasema alimuuza. Wewe umesafiri kwa lori, unasema hakumuuza. Mmoja wenu ni mwongo, na kitabu hakina mdomo wa kuhongwa." Wazee wakacheka. "Mwambie dada yangu akae huko huko. Alikutuma vizuri. Hata machozi amekufundisha."

Aukot aliomba waende mtoni wachimbe. Mto gani? Tangu wakati ule ulikuwa umehama mara mbili, na mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimelaza mchanga mpya juu ya ule wa zamani. Alichimba peke yake siku nzima na jembe la kuazima. Alipata maji, akapata ganda la kobe. Watoto walikuja kunywa.

Akaandikia Nairobi, akaomba sura ya saba ibadilishwe kitabu kitakapochapwa tena. Wakamjibu kwa heshima nyingi kwamba kitabu kinaweza kupoteza sura yoyote isipokuwa hiyo.

Tangu hapo kila mwisho wa wiki alikuwa Kakuma. Mwanzoni Nakaale alimuuzia makaa kama mteja mwingine, akamjazia gunia vumbi. Baadaye akaanza kumpa chai. Barabara ya Kaikor ilikauka, ikaloa, ikakauka tena. Mapema mwaka 1999 kifua kilimbana Nakaale, akaacha kwenda kuchoma makaa, Jeanine akawa anampikia uji. Siku moja akamwambia Aukot, "Nisomee kile cha kwanza."

"Kipi, shangazi?"

"Kile ulichonisomea mwanzo. Ambamo mbuzi mgonjwa anasimama."

Aukot akafungua kitabu. Alitafuta yale maneno mema aliyoyasema siku ile, hakuyapata hata moja. Hayakuwa kwenye karatasi, na kichwani mwake yalikuwa yamepotea palepale alipoyatamka, maana mtu akisema ili ajiokoe hasikilizi anachosema. "Sikumbuki," akasema. Neno hilo lilimuuma kuliko yote aliyopata kuandika.

"Mbuzi wa shule," shangazi akasema, na hapo Aukot akajua kwamba Nakeno na Nakaale walikuwa wakizungumza miaka yote. "Chukua kalamu."

Nakaale alikumbuka kila kitu. Watu wasio na daftari hawana pa kusahaulia. Alimsomea Aukot kitabu chake mwenyewe neno kwa neno, kibuyu cha maziwa, kicheko, na pale alipoona kimepwaya aliongeza mamba mmoja au wawili. Aukot akaandika Jumamosi tatu. Wakafika kwenye kengele. Aukot akashika kalamu vizuri. "Hapa niandike ukweli, shangazi. Tawi la miiba. Shimo. Mkuki. Kengele mkononi mwako."

"Hapana. Andika Longor alikuwepo, alikwenda kwa miguu yake."

"Lakini watu watajua lini kwamba hukuiba?"

"Huyo mtoto wa kitabuni ana miaka mingapi?"

"Saba."

"Na yuko wapi?"

"Amelala kwenye ngozi."

"Basi mwache alale," Nakaale akasema, akageukia ukuta.

Alizikwa Kakuma, mbali na kaka yake, kwenye mawe upande wa pili wa mto. Kutoka Kaikor hakuja mtu.

Aukot hakuandika kitabu kingine; yale ya zile Jumamosi tatu aliyaweka kichwani tu. Alirudi kwenye chaki yake. Mwenye duka aliendelea kubonyeza mizani kwa kidole, na hakuna aliyemfanya chochote. Lakini *Kamba ya Longor* ilikwisha sambaa mashuleni, na wanafunzi wa darasa la nane wa Lodwar walikuwa na nakala kumi. Mwaka huo waliomba mwalimu mwenyewe awasomee sura ya saba. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasimama, akakifungua kitabu mbele ya uso wake, akaanza.

"Alfajiri moja shangazi alimchukua Longor akaenda naye mbali, maana alijua dume hawezi kupona..."

Msichana wa mstari wa mbele alikuwa akifuatisha kwa kidole kwenye nakala yake. Kidole kikasimama. Kikarudi juu. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kitabuni haiko hivyo."

"Najua," Aukot akasema, na safari hii hakuwa akidanganya. Akafunua ukurasa, akaendelea.